Kabla Hujashika Chuma: hotuba kwa wanafunzi wapya wa afya ya kinywa, Arusha

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, na ninyi wanangu mliovaa makoti meupe leo kwa mara ya kwanza. Shikamoo zenu nimezisikia. Marahaba.

Nimeombwa nizungumzie masomo ya msingi. Najua yakitajwa hayo, wengi wenu mnaona madaftari: anatomia, mikrobiolojia, kemia, majina marefu ya kukariri mpaka mtihani upite. Mnachokitaka ninyi ni kiti, taa na mgonjwa aliyefungua kinywa. Mnataka kushika chuma, kile cha kukwangulia meno. Hata mimi nilitaka kushika chuma, wanangu. Ngojeni niwaambie kilichotokea siku nilipokishika.

Nilikuwa mwanafunzi wa mazoezi katika kliniki moja ya mkoa huu. Akaja binti wa miaka 16, anatoka Maji ya Chai, kule Arumeru. Aliingia ameziba mdomo kwa pindo la kanga, na hata alipoketi hakuliachia mpaka nilipomwomba. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, yana michirizi na vishimo vidogo, kama kikombe cha bati kilicholala na chai usiku kucha. Nikajisemea, huu ni ugaga, uchafu ulioganda juu ya meno. Nikachukua chuma, nikaanza kukwangua. Dakika tano. Dakika kumi. Rangi haitoki. Nikaongeza nguvu. Mara kipande kidogo, cheupe kama chaki, kikaruka kikaanguka kwenye kitambaa kifuani pake. Lilikuwa jino. Binti hakulia. Aliniuliza tu: "Dada, yatakuwa meupe?"

Mwalimu wangu akaja, akainama, akatazama. Hakuniuliza nimeshikaje chuma. Hakuniuliza nimekwangua muda gani. Alimgeukia binti akamuuliza swali moja: "Mwanangu, ulipokuwa mdogo mlikuwa mnachota maji wapi?"

Mnaona? Swali lile halikutoka mkononi. Lilitoka kwenye daftari. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake hubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kuna mito na chemchemi nyingi za upande wetu huu zinazopita kiwango hicho mara kadhaa. Ongezeni magadi tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive haraka. Nayo yana floraidi yake. Jino linalotengenezwa wakati mtoto anakunywa na kula hayo kila siku linatoka na enameli, yaani ganda lake la nje, yenye matundu madogo madogo, na rangi ya chai na ya vyakula huja kukaa humo ndani baadaye. Meno ya mbele ya kudumu hutengenezwa ndani ya taya miaka ile ya mwanzo kabisa. Doa la binti yule liliwekwa akiwa bado anabebwa mgongoni. Nami nilitaka kulitoa kwa kukwangua!

Mkono wangu siku ile ulikuwa mzuri. Kidole cha pete kimeegemea jino la jirani, chuma kimelala kwa pembe iliyofundishwa. Lakini nilikuwa sijui ninachokitazama. Na asiyejua anachokitazama, kila akiongeza ufundi anaongeza madhara. Hilo ndilo nililolileta hapa leo. Nikisema masomo ya msingi, nasema hilo.

Hebu tujiulize, kazi hii ya kusafisha vinywa vya watu ilianzia wapi? Katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani, alikuwako daktari wa meno aitwaye Alfred Fones. Mwaka 1906 alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa na kuwaelekeza namna ya kujitunza. Mwaka 1913 akafungua shule, na shule yenyewe ilikuwa katika banda la magari kando ya kliniki yake. Darasa la kwanza lilikuwa la wanawake; wengine walikuwa walimu wa shule, wengine wauguzi. Sasa sikilizeni. Fones hakuanza kwa kuwapa vyuma. Aliwaita wahadhiri kutoka vyuo vikuu kama Yale na Harvard, waje katika banda lile wawafundishe mwili wa binadamu, vijidudu na magonjwa. Ndipo baadaye wakaenda kusafisha meno ya watoto katika shule za mji. Mwaka 1917 Irene Newman alipata leseni ya kwanza ya kazi hii. Wale waliianza kazi kwa kuusoma mwili. Wewe unayeanza leo ukiwa na jengo la ghorofa na maabara yenye maji ya bomba, una sababu gani ya kuruka hatua hiyo?

Nianze na jino lenyewe. Jino halianzi siku linapotokeza. Nawaomba mlishike hilo kuliko takwimu zote: jino halianzi siku linapotokeza. Mtoto mchanga ana kinywa kisicho na jino hata moja, lakini ndani ya taya zake meno 20 ya utotoni yako kazini yanajengwa, na baadhi ya yale 32 ya ukubwani yameshaanza safari. Enameli, ile ngozi nyeupe ya nje, ina madini kwa asilimia 96 hivi ya uzito wake. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho mwilini. Lakini haina chembe hai ndani yake. Mfupa ukivunjika huunga. Enameli ikiondoka imeondoka.

Kwa nini nawachosha na habari za meno ambayo hayajaota? Kwa sababu ya jambo ambalo wazazi waliomo humu wanalijua vizuri. Meno ya plastiki. Wengine mnayaita meno ya nailoni. Mtoto wa miezi sita au saba anaharisha, ana homa, hanyonyi. Mtu mzima anapitisha kidole kwenye ufizi, anakuta uvimbe mweupe pale penye kona ya mdomo. Anasema, haya hapa, meno ya plastiki, yatolewe. Na yanatolewa kweli: kwa wembe, kwa spoku ya baiskeli, kwa kucha.

Siku moja mama mmoja alipita kliniki kwetu akiwa njiani kumpeleka mwanawe akatolewe. Jirani alimsihi apitie kwanza. Alikuja na mama mkwe wake, na mtoto mwingine wa miaka mitatu ameshika kanga ya mama yake kwa nyuma. Yule bibi alikuwa amekasirika. Aliona tunampotezea muda mjukuu wake. Nikamwamkia, nikamwambia, "Bibi, nioneshe ulipoona." Akaninyanyulia mdomo wa mtoto, akagusa kwa kidole. Alikuwa sahihi, uvimbe ulikuwepo. Nikamwita yule wa miaka mitatu, nikamwambia acheke. Nikasema, "Bibi, chonge lile la huyu mkubwa lilitokea wapi?" Akatazama. Akagusa ufizi wa mdogo, akagusa chonge la mkubwa, akarudia tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapo hapo."

Jino la chonge la utotoni huja kutokeza mtoto akiwa na miezi 16 hadi 20 hivi, lakini linakuwa limeujaza ufizi muda mrefu kabla. Kuharisha kwa mtoto wa miezi saba kunatoka kwingine: ameanza uji, ameanza kutambaa, kila anachokiokota anakipeleka mdomoni. Mtoto yule alipelekwa mlango wa pili, akapewa maji ya chumvichumvi na kutibiwa. Nimewaona pia wasiopitia kliniki. Nimemwona mtoto wa darasa la nne ambaye chonge lake la ukubwani lilitoka limepinda na kukunjamana, kwa sababu wembe uliotoa la utotoni ulichimba mpaka kwenye mbegu ya la pili iliyokuwa nyuma yake. Na wapo watoto katika nchi hii waliokufa kwa kuvuja damu na kwa maambukizi. Wamekufa kwa sababu mtu aliliona jino akadhani ni ugonjwa.

Kwa hiyo hesabuni meno, wanangu. Hesabuni kila kinywa, kila siku, kuanzia katikati kwenda nyuma: la kwanza, la pili, chonge la tatu, mpaka mwisho. Mzazi akikuletea mtoto wa miaka saba akasema, "Ling'oeni tu hilo la nyuma limeoza, litaota jingine," hesabu kwanza. Likiwa la sita kutoka katikati, hilo ni gego la kudumu. Huota karibu na miaka sita, nyuma ya meno yote ya utotoni, bila kung'oka chochote, ndiyo maana wazazi hawajui kuwa limefika. Halina mrithi.

Sasa tuje kwenye ukoga.

Kiswahili chetu kina maneno mawili na mimi nawaomba msiyachanganye. Ukoga ni ule utando laini unaonata kwenye meno, unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Ugaga ni ukoga ulioganda ukawa jiwe kwa madini ya mate. Ukoga unatoka kwa mswaki. Ugaga hautoki kwa mswaki, unatoka kwa mkono wako.

Ukoga ni nini? Ni mabaki ya chakula? Hapana. Ukoga ni mji. Mwaka 1683, huko Delft nchini Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek alikwangua utando wa kwenye meno yake mwenyewe, akauchanganya na maji ya mvua, akauweka chini ya lenzi aliyoitengeneza kwa mikono yake. Akaona viumbe vidogo vinatembea. Akawaandikia wanasayansi wa London kuwaeleza. Alikuwa anawatazama bakteria.

Lakini je, bakteria hao ndio wanaozitia fizi ugonjwa, au wapo tu? Watu walibishana muda mrefu. Mwaka 1965, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno kama ninyi, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Ukoga ukajaa. Kati ya siku 10 na 21 kila mmoja wao alikuwa na fizi zilizovimba. Wote 12! Kisha wakarudishiwa miswaki, na baada ya wiki moja hivi fizi zikarudi kama zilivyokuwa. Hakuna dawa waliyopewa. Waliondoa ukoga, basi.

Niwaambieni jaribio hilo linavyofika kwenye kiti. Alikuja dereva wa daladala, kijana mwenye mwili mkubwa, akaniambia: "Dada, mimi mswaki umenikataa. Nikiugusa tu, damu. Nimeuacha mwezi wa pili huu." Ni wangapi humu wamemsikia mtu akisema hivyo? Inueni mikono. Naona hata wazazi wanainua. Ametokwa damu, ameacha mswaki. Ameacha mswaki, ukoga umezidi. Ukoga umezidi, damu imezidi. Angekuja kwa mtu asiyesoma, angeambiwa apumzishe fizi zake. Mimi nilimpa kioo. Nikamwonesha ugaga nyuma ya meno ya mbele ya chini, umejipanga kama chokaa kwenye mdomo wa birika. Kwa nini hapo? Kwa sababu mirija ya mate hufungukia chini ya ulimi, pale pale. Mirija mingine iko kwenye mashavu, mkabala na magego ya juu, na huko nako ukitazama utaukuta. Unapojua mate yanatokea wapi, unajua chuma kiende wapi kabla hujawasha taa.

Nikapima fizi. Tunatumia kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, tunakiita probu. Huingizwa polepole kati ya ufizi na jino, sehemu sita kuzunguka kila jino, kwa uzito mdogo sana, kama gramu 25. Mnataka kujua gramu 25 ni kiasi gani? Ukikisukuma chini ya ukucha wako mwenyewe, usisikie maumivu. Ufizi mzima hukupa milimita 1 hadi 3. Kijana yule alikuwa na 3 sehemu nyingi, 4 sehemu chache. Mfupa wake ulikuwa salama. Nikamsafisha, nikamshikisha mswaki mbele yangu, nikamwambia: utatoka damu siku hizi za mwanzo, usiache. Baada ya wiki mbili alirudi bila kuitwa. Alifungua mdomo akiwa bado amesimama mlangoni, ili nimtazame.

Angechelewa miaka mitano ingekuwa habari nyingine. Ufizi uliovimba hurudi. Mfupa ulioliwa haurudi, na kazi yetu inakuwa kuulinda uliobaki. Mpaka huo, kati ya kinachorudi na kisichorudi, lazima uwe kichwani mwako unapoisoma ile milimita.

Kuhusu sukari sitakaa sana, mtaisoma kwa kirefu. Nawapa jambo moja. Kila sukari ikiingia kinywani, bakteria wa ukoga huigeuza asidi ndani ya dakika chache. Asidi ikizidi, yaani kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini. Mate hulipa deni hilo, lakini yanahitaji kama nusu saa mpaka saa nzima. Nilikuwa na mgonjwa, dada wa saluni, meno yake ya mbele yanaoza kwenye shingo moja baada ya jingine. Nikamuuliza anakunywa soda ngapi kwa siku. "Moja tu." Alisema kweli. Nikauliza, anaianza saa ngapi? Saa tatu asubuhi. Anaimaliza saa ngapi? Saa tisa. Chupa iko kwenye meza karibu na kitana, anaonja, anasuka, anaonja. Meno yake yalikuwa kwenye asidi saa sita mfululizo. Ningemuuliza "ngapi" nikaishia hapo, ningemwona mwongo.

Jambo langu la mwisho ni huyu mwenye kinywa.

Kabla ya kinywa kuna mtu, na mtu huyo ana moyo, ana damu, ana dawa anazomeza. Alikuja mzee mmoja, mstaafu, mcheshi sana. Kwenye fomu ya historia alijaza "hakuna", "hakuna", "hakuna" mpaka chini. Nilikuwa nimeshavaa glavu. Alipofungua kifungo cha juu cha shati kwa ajili ya joto, nikaona kovu limeshuka wima katikati ya kifua. Nikavua glavu. "Babu, hapa ulifanywa nini?" Akacheka: "Ah, hiyo ya zamani. Walinibadilishia vali ya moyo. Nimeshapona." Kwake yeye hakuwa mgonjwa, alikuwa amepona, alijaza fomu kwa uaminifu.

Ningemsafisha siku ile, bakteria wangeingia kwenye damu kupitia fizi, kama wanavyoingia kwa kila mtu. Kwangu na kwako mwili huwaondoa. Kwenye vali ya bandia wanaweza kukaa, wakazaliana, wakaua. Tena alikuwa anameza dawa ya kufanya damu isigande. Nilimwandikia daktari wake wa moyo, tukapata majibu ya kipimo cha damu, na mzee alirudi siku nyingine akiwa amekunywa antibiotiki saa moja kabla. Kazi yenyewe ilichukua dakika 40. Vivyo hivyo mgonjwa wa kisukari: sukari yake ikiwa juu, fizi zake huharibika haraka na kupona kwa taabu, na fizi zenye maambukizi nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Nimewahi kuwatuma watu kupima sukari kwa sababu ya fizi tu, na wengine walikuwa hawajui kuwa wanayo.

Na huyo mwenye kinywa ana wenzake kwenye foleni, na ana wewe. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa siku 7 kwenye damu iliyokauka juu ya meza, vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Siku 7. Ndiyo maana chuma hakifutwi kwa spiriti kikarudi kazini. Kinasuguliwa, kinafungwa, kinaingia kwenye mvuke wa nyuzi 121 kwa muda wake wote, hata foleni iwe ndefu namna gani. Chanjo yenu ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita kuanzia leo. Asiyekuwa na kadi asisogelee kiti cha mgonjwa. Wazazi, nisaidieni kwa hilo wiki hii.

Nimemwomba mwalimu wenu wa anatomia jambo moja na amenikubalia. Kesho saa mbili kamili mtaingia maabara, na kila mmoja atakuta mbele yake jino moja lililong'olewa, limesafishwa na kutakaswa. Hamtakuta chuma. Mtakuta penseli na karatasi nyeupe. Mtalichora jino hilo pande zote: upande wa shavu, upande wa ulimi, pande mbili za majirani, na uso wa kutafunia, na mizizi yake pia. Kisha mwalimu atayakusanya meno yote kwenye sinia moja, ayachanganye, na kila mmoja atafute la kwake kwa kutumia mchoro wake. Njooni mapema, penseli zikiwa zimechongwa.